Tarumbeta la Mtu Mmoja

Harufu ya dawa ya kung'arishia shaba ilinipokea jana mlangoni mwa ukumbi. Watu watano walipiga matarumbeta, muziki wa kuchezea ngoma hasa, na waliovaa suti wakakaa kimya kama wako msibani. Mimi nina diploma ya muziki ya ng'ambo, niliyoipata bila kubebwa na mtu, na niliwadharau wote.

Harufu hiyo niliijua utotoni, Karagwe, uani kwa mtawala. Askari watano wa boma la Wajerumani walikuja kumpigia matarumbeta yao. Baba yangu aliongoza wapiga makondere, zile baragumu za vibuyu ambazo kila moja ina sauti moja, hivyo wimbo hukamilishwa na watu wengi. Mtawala alitaka kuchagua nani apige kwenye ngoma ya mwezi mwandamo.

Mkubwa wa askari akajaribu kondere la baba, akacheka. "Mzee, hili bovu. Lina sauti moja tu!"

"Hiyo ndiyo yangu, kijana," baba akasema. "Nyingine ni za wenzangu. Wewe unakula sahani ya ukoo mzima."

Watu wakaangua kicheko. Lakini mtawala, aliyepumbazwa na kila king'aacho, akachagua shaba.

Mwezi ulipoandama, askari walikuwa wamesharudi bomani, wamemwachia mtawala tarumbeta moja la zawadi. Mjumbe akaja mbio shambani kwetu: baba anaitwa, yeye na wenzake.

Baba hakuacha kupogoa migomba.

"Mwambie apige mwenyewe. La shaba linamtosha mtu mmoja."