Chupa ya Biira Niliyoitikisa

Bado naikumbuka ile Jumatano, mwanangu, kana kwamba chupa yenyewe ingali kichwani pangu. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni mjini Kasese juzi tu, na cheti changu nilikitembeza kila mahali, hata sokoni nilipokwenda kununua chumvi. Hakukuwa na jambo chini ya jua ambalo sikulijua.

Jirani yetu pale Bwera, Mzee Baluku, zamani alikuwa mpishi wa daktari Mbelgiji kule Beni. Daktari alipoondoka alimwachia chupa kumi na mbili za divai nyekundu, kutoka shamba la kale la mizabibu huko Ufaransa, lililoanza kukamua zabibu kabla babu wa babu wa daktari hajazaliwa. Mwaka huohuo mzee akampata binti, Biira. Kwa kuwa Bwera kuna joto, alizipandisha chupa zake Kyarumba, juu mlimani, akazilaza katika shimo la baridi nyuma ya stoo ya kahawa ya kaka yake. Kila baada ya miaka miwili hivi alifungua moja, akanusa, akaonja, akaandika daftarini jinsi ilivyobadilika. Ya mwisho alimwekea Biira, ifunguliwe siku wakwe watakapokuja.

Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi. Baba wa bwana harusi, afande mstaafu, alikwisha kumchokoza mzee: "Hiyo iko siki sasa! Leta soda." Mzee alicheka, ila nilimwona usoni kwamba neno lile limemwingia.

Mimi ndiye niliyetumwa kuileta.

"Ibebe kama mutoto mwenye amelala," aliniambia.

Niliishusha vizuri kwenye vile vijia vya Kyarumba vinavyosimama kama ngazi. Nikapumzika. Nikaiinua juani, na humo ndani nikaona matope meusi yamelala ubavuni. Maskini mzee, nikasema, divai yake imetuama! Nyumbani bushera, kinywaji chetu cha mtama, ikituama tunaitikisa. Basi nikaitikisa chupa kwa nguvu za wanaume kumi. Ikawa kama Mto Mubuku baada ya mvua ya wiki nzima.

Hapo nikakumbuka yule mtoto aliyelala, nikajua nimeharibu. Njia nzima nilitunga uongo, kama arobaini hivi, mwingine mzuri kabisa. Tena, nani angejua kabla ya Jumamosi? Lakini nilipofika mlangoni nikamwona Biira anapiga pasi gauni lake, na uongo wote ukanitoroka.

"Mzee, nimeitikisa."

"Umefanya nini?"

"Kama bushera."

Aliichukua chupa, akaitazama juani. Kisha akauliza, "Leo iko siku gani?"

"Jumatano, mzee."

"Basi kaa, kunywa chai. Ungenyamaza, Jumamosi ningemwagia afande matope, na mutoto yangu angelia. Lakini tuko na siku tatu. Ile nyeusi ni mashapo, ndiyo uzee yake. Itarudi chini yenyewe. Na wewe, profesa, usiguse tena!"

Akaisimamisha pembeni, akaizungushia gunia bichi. Siku tatu watu wa nyumba ile walitembea kama paka. Hata kuku aliyekohoa alifukuzwa.

Jumamosi mzee alimimina polepole, akimulika shingo ya chupa kwa tochi. Uzi mweusi wa mashapo ulipokaribia mdomo, akaacha. Divai glasini ilikuwa safi, nyekundu kama tofali la zamani. Afande alionja huku amekunja uso tayari kwa siki. Uso ukakunjuka. Akanywa tena, taratibu.

"Mzee, ongeza."

"Hakuna kuongeza, afande. Iliyobaki ni ya Biira."

Nami nilipewa tone la kuonja. Lilinukia matunda ya msituni, tumbaku, na udongo baada ya mvua. Nasema kweli, ulimi wangu haujarudi kutoka kule mpaka leo.

Mwanangu, utakosea, tena ukiwa na cheti mkononi. Ukikosea, sema Jumatano. Usingoje Jumamosi, wageni wameshika glasi. Kosa lililosemwa mapema hupewa muda likatulia. Na kitu cha zamani usichokielewa, kiulizie kwanza kabla hujakitengeneza.

Leo nina chupa tano katika shimo lilelile la Kyarumba. Moja ni yako. Mungu akulinde mpaka siku ya kuifungua, akupe mikono mitulivu na watu wa kukumiminia polepole.