Terere ya Watu wa Mbali

Sanduku lilikaa katika chumba cha binti yangu aliyeolewa, pale kilipokuwa kitanda chake. Lilikuwa na ukubwa wa friji ndogo: kuta za plastiki nzito, taa za rangi ya zambarau juu, tangi la maji chini, na mlango uliozibwa kwa mpira pande zote. Ndani mlikuwa na miche sita ya terere, huo mchicha wetu wa kila siku. Hii haikuwa ya kwenda kuuzwa sokoni Noonkopir. Ilikuwa ya wanaanga.

Mradi mmoja wa chakula cha angani ulikuwa unatafuta watu wa kujaribu mboga za kienyeji. Safari ya Mirihi, kwenda na kurudi, inapita miaka miwili. Chakula cha pakiti kikikaa muda wote huo vitamini zake hupungua, na wanaokila hukichoka hadi wanaacha kula. Kwa hivyo ilitakiwa mboga inayomea ndani ya sanduku, kwa maji yaleyale yanayozunguka, ichumwe mbichi na iwe safi kabisa, maana huko juu hakuna hospitali. Ambao masanduku yao yangefaulu wangeajiriwa katika kitalu cha mradi.

Nilikuwa nimetunza maua ya watu miaka kumi na tisa hadi shamba likafungwa. Baada ya hapo nilizunguka Kitengela nzima na barua za kuomba kazi, na kila aliyeona mwaka wangu wa kuzaliwa alinirudishia barua kwa heshima. Sanduku lile ndilo peke yake lililonibakia. Nilikuwa nimekata tamaa kiasi cha kuisemesha miche, na nikikohoa naiomba msamaha.

Nilikuwa nimeshindwa mara mbili. Mara ya kwanza stima ilipotea siku tatu, miche ikalala. Mara ya pili nilitumia maji ya kisima, haya ya chumvi yaliyotutia meno rangi ya kahawia, mizizi ikaungua. Mara ya tatu nilifungua bahasha ya mwisho ya mbegu. Maji yalipaswa kupimwa, kuchemshwa na kutiwa mara moja tu, siku ya kwanza. Lolote litakaloongezwa baadaye liandikwe kwenye fomu.

Siku ya kumi na mbili nikakuta maji yamepungua. Kiungo kimoja cha mpira kilikuwa kinavuja. Nilikikaza, nikachukua jagi la jikoni lililokuwa na maji ya mvua niliyochemsha juzi yake, nikajazia. Jagi lilikuwa wazi, halina kifuniko. Nilishika kalamu, nikaiweka chini. Jagi moja tu, nikajiambia, nani atajua?

Jirani yangu wa nyuma alikuwa bibi wa Kimaasai, nami nilimwita kokoo kama walivyomwita wajukuu wake. Alibaki peke yake kwenye kipande cha mwisho cha shamba la mumewe, ploti za watu zikiwa zimemzunguka kila upande. Ukame ulikuwa umemwachia mbuzi watatu na ng'ombe mmoja mwenye mbavu za kuhesabika. Hata hivyo kila asubuhi aliniletea kikombe cha maziwa. Sanduku langu lilimchekesha sana.

"Watu wazima wanaenda mbali hivyo, wanakula majani kama mbuzi?"

"Na maji wanayokunywa ni jasho lao na mkojo wao, yanasafishwa."

"Aii! Na hawakuweza kubeba hata ng'ombe moja?"

Siku ya arobaini, kesho yake sampuli zingechukuliwa, nilifungua mlango kupima urefu wa majani. Nilikuwa nimevaa glavu na barakoa. Terere ilikuwa imenawiri, majani mapana, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilijiona nikiamka alfajiri kwenda kazini. Kokoo akaingia na maziwa yake, akanisalimu kwa Kimaa.

"Nakerai, takwenya."

"Iko, kokoo."

Alisimama nyuma yangu akitazama. Safari hii hakucheka.

"Hawa watu wataenda lini?"

"Hata sijui. Bado miaka."

"Nani amewabariki?"

"Hao hawana hiyo mambo, kokoo."

Alisogea karibu. Nilidhani anataka kuona vizuri. Akatamka maneno ya Kimaa, nikashika moja tu, Enkai, yaani Mungu, kisha akainama akatema mate juu ya majani. Mate mepesi, mara tatu, kama manyunyu.

Nilijua ni nini. Binti yangu alipozaliwa, kokoo alimtemea hivyohivyo kwenye paji la uso, na nilimshukuru kwa mikono miwili. Lakini siku ile nilipiga kelele hadi koo likaniuma.

"Toka! Umeniharibia kila kitu! Uchafu gani huu unaniletea?"

Alinitazama. "Nilidhani ni chakula ya watu," akasema. Akaweka kikombe mezani, akatoka polepole.

Ukurasa wa mwisho wa fomu ulitaka nieleze jambo lolote lisilo la kawaida. Nikaandika kwa herufi kubwa: jirani mzee ametema mate juu ya majani. Nilitaka sanduku likianguka lisiangukie jina langu. Mate ya kokoo niliyaandika. Jagi sikuliandika.

Kesho yake watu wa mradi walichukua miche yote na maji, na majibu yalichukua wiki mbili. Kokoo hakuja tena, nami sikwenda kwake. Nilimwona ng'ambo ya ua na mbuzi wake, nikageuza uso. Nilikuwa na aibu, na aibu yangu siku zote huvaa nguo za hasira.

Barua iliingia kwenye simu asubuhi. Nje kulikuwa na pikapu inapiga honi, nikafunga dirisha ili nisome vizuri. Majani yote ni salama, ilisema, hata yale niliyoyaeleza. Viini vimepatikana kwenye maji na mizizi, dalili kwamba maji ya nje yaliongezwa bila kuripotiwa. Sanduku langu limeondolewa. Walinishukuru kwa kushiriki.

Nilikaa sakafuni. Nililia kwa sauti, mwanamke mzima, mbele ya sanduku tupu. Kazi imekwenda, mbegu zimekwisha, na aliyeniharibia ni mimi na jagi langu. Kisha nikanawa uso nikaenda kwa kokoo kumwomba msamaha.

Mlangoni palikuwa na kufuli. Zizi tupu.

Mzee wa Kisomali mwenye duka la pembeni alinyanyua kichwa. "Kijana yake amekuja kumchukua na pikapu. Ameenda kukaa huko Kimana, kwa shamba yake ya vitunguu. Hapa nyasi imeisha, na mama ameshakuwa mzee."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Walisimama kwa geti yako, wakapiga honi. Mimi nikamwambia ashuke abishe. Akakataa."

"Alisema nini?"

Mzee alipanga mikate yake kwanza. "Alisema asiingie, atakuchafulia kazi."

Nilitazama barabara. Vumbi la pikapu lilikuwa limeshatulia. Kokoo alikuwa ameanza safari ndefu, na hakuna mtu aliyembariki.