Maswali yote niliyouliza dukani kuhusu ile simu mpya ya kijani, na moja ambalo sikuuliza

Wakuu, nawasalimu kutoka upande wa Silibwet, Bomet. Mvua imenyesha tangu asubuhi na chai haichuniki, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika.

Mimi huwa nasoma tu humu na kuondoka. Shule niliachia darasa la nane, kwa hivyo mtanivumilia. Nitaandika niliyoyaona. Kitu nisichokijua nitasema sikijui.

Nimeona wengi mnauliza kuhusu ile simu iliyozinduliwa mwaka huu, yenye mgongo wa kijani. Jina sitalitaja, sikuja kuiuza wala kuiharibia mtu biashara. Anayeitafuta anaijua.

Sisi tuliinunua wiki ile ile ilipofika Bomet mjini. Nasema sisi kwa sababu tulikuwa wawili. Simu ilikuwa ya mke wangu, Mama Chebet. Aliitumia miezi mitatu, kisha akafariki.

Nitaanza na maswali yenu, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike.

Betri: ukipiga simu tu na kusikiliza nyimbo, inafika siku ya pili jioni. Ukiwasha data, siku moja. Huku kwetu mtandao ni wa kutafuta, na simu ikitafuta mtandao inakula betri hata kama iko mfukoni. Hilo hawakuandika kwenye boksi.

Radio: inashika, lakini lazima uchomeke earphone. Bila earphone inakwambia uchomeke.

Maji: Mama Chebet alichuna nayo kwenye mvua, iko mfukoni ndani ya aproni ya plastiki, na haikufa. Lakini muuzaji alituambia ni ya kustahimili matone, si ya kuzama. Mimi sijaizamisha kwa hivyo sijui.

Kamera: mchana picha ni safi. Jioni ndani ya nyumba, watu wanatoka kama wameonekana kupitia kwa moshi.

Memory card: ina nafasi yake. Hapa simameni kidogo, kwa sababu mimi nilikosea. Nilidhani ukiweka kadi, vitu vinaenda kwa kadi vyenyewe. Haviendi. Unaingia kwa settings unaiambia. Usipoiambia, sauti zote unazorekodi zinabaki ndani ya simu.

Fingerprint: hii ndiyo naona imeulizwa sana. Inafanya kazi, lakini si kwa kila mkono.

Anayechuna chai anajua ninachosema. Utomvu wa majani unaingia kwenye kidole gumba na vile viwili vinavyofuata, ngozi inakuwa nyeusi na inapasuka, na hata ukisugua kwa ndimu haitoki. Siku ile dukani Mama Chebet aliweka kidole gumba mara nane. Simu ilikataa. Akaweka cha pili, ikakataa.

Muuzaji, dada mmoja mpole, akamwambia, "Mama, leta kile kidogo cha mwisho. Hicho hakichuni."

Kikashika mara moja. Mama Chebet akakiinua juu akakiangalia, akasema, "Kumbe wewe ndiye ulikuwa umekaa tu."

Kisha muuzaji akamwambia aweke na PIN ya namba sita. Akaiweka amegeukia ukuta. Mimi nilikuwa nauliza. Niliuliza maji, niliuliza radio, niliuliza warranty, niliuliza kama chaja ni yake au ya kuazima. Nakumbuka Mama Chebet alisema kitu na watu wote dukani wakacheka. Sikukisikia, nilikuwa nasoma boksi.

Email pia alifunguliwa pale pale na muuzaji. Password haikuandikwa popote.

Sasa niwaambie ilivyokuwa.

Mke wangu alikuwa mwimbishaji wa kina mama kanisani. Akipata wimbo mpya anajirekodi kwa hiyo simu, halafu anawafundisha wengine. Kabla ya hapo alikuwa na kabambe tu, ile simu ndogo ya vibonyezo, haikurekodi chochote. Kwa hivyo sauti yake yote ambayo iko hapa duniani ilikuwa ndani ya simu ya miezi mitatu.

Alishikwa na kifua. Tulidhani ni baridi ya asubuhi. Alilazwa siku sita, na siku ya sita akaenda. Sitaandika zaidi hapo.

Simu iliisha chaji akiwa wodini. Nilipoichaji nyumbani ikawaka na kuomba PIN. Sikuijua. Nikajaribu siku aliyozaliwa Chebet, binti yetu. Nikajaribu ya harusi. Nikajaribu siku niliyozaliwa mimi, na hapo nilijiona mjinga, kwamba nilidhani angetumia yangu. Simu ikaniambia ningoje.

Wakuu, niliahidi ukweli kwa hivyo hili nitaliandika ingawa sijamwambia hata pasta.

Siku tuliyoenda mochari kumvalisha, niliibeba ile simu kwenye koti. Wengine walipotoka niliomba nibaki naye dakika moja. Nilishika kidole chake cha mwisho nikakiweka kwa simu.

Simu ikaandika kwamba baada ya kuwashwa inataka PIN kwanza, kidole baadaye.

Nikakipangusa kile kidole kwa leso yangu, kama vile nilikuwa nimekichafua. Nikamwambia pole. Nikatoka.

Kwa hivyo yule aliyeuliza humu wiki jana, akiandika emoji za kucheka, kama kidole cha marehemu kinafungua simu: hakifungui. Na hata kingefungua, usiende.

Baada ya mazishi niliipeleka Silibwet kwa fundi mmoja anaitwa Odhiambo. Ni mtu wa kutoka ziwani, amekaa hapa miaka mingi, Kipsigis anakiongea kuliko sisi. Ana mdomo lakini ni fundi.

Akaigeuza geuza, akasema, "Mzee wangu, naweza kukupatia simu ama naweza kukupatia pole. Vyenye viko ndani siwezi."

Nikamuuliza hakuna njia yoyote?

"Njia ni kuflash. Inarudi vile ilitoka dukani. Picha, sauti, yote kwaheri. Backup alikuwa amewasha?"

Nikasema alizima ili isile bundles.

"Kadi?"

Kadi nilikuwa nimeshaitoa na kuiangalia. Haikuwa na kitu. Hapo ndipo nilijua lile nililowaambia juu.

Odhiambo akanirudishia simu. Halafu akasema, "Usinikasirikie, si mimi niliweka hiyo password. Hata yangu, sijui PIN ya bibi. Na nikimuuliza leo, nitapika mwenyewe."

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike, na nikaona aibu njiani nikirudi.

Shida haikuwa sauti peke yake. Chebet alikuwa amepata nafasi ya chuo, na huko kazi za darasa zinatumwa kwa simu. Nilikuwa nimemwahidi ataenda na simu. Nyingine sikuweza. Ilikuwa ama ifutwe aende nayo, ama ikae kwenye sanduku imefungwa na yeye aende na kabambe ya mama yake.

Chebet akasema, "Baba, kama ni kufuta, wacha. Nitaenda na kabambe."

Nikamwambia mama yake hakuinunua ikae kwenye sanduku. Nikampigia Odhiambo, nikamwambia Jumatatu naileta aifute. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Hapa nitatoka nje ya barabara kidogo, mtaona sababu.

Huku kwetu kila mkulima wa chai ana namba yake ya kiwanda. Ukifika kwenye kituo cha kupimia majani unaitaja, karani anaibonyeza kwenye mashine, ndiyo anapima. Nyumba nyingi namba ni ya baba, hata kama anayechuna ni mama.

Miaka miwili iliyopita Mama Chebet alitaka namba yake mwenyewe, ya ile mistari saba ya chai nyuma ya nyumba. Nilimuuliza, "Sasa wewe utakuwa mke wangu ama mkulima jirani?"

Akasema, "Jirani. Na usivuke mpaka bila kubisha."

Nilikubali, lakini sikuifurahia, na namba yenyewe sikuwahi kuiuliza. Yeye alipeleka majani yake siku zake, mimi yangu siku zangu. Yangu naweza kuitaja nikiwa usingizini.

Alipofariki sikuigusa ile mistari saba. Majani yakapita, yakaanza kuwa magumu. Majirani waliona lakini hawakusema. Ijumaa jioni Chebet akaniambia, "Baba, mama angeona hii angelia." Jumamosi asubuhi tukachuna, mimi na yeye. Tukapeleka kituoni.

Foleni ilikuwa ya kina mama wengi. Karani wetu, Langat, akaangalia gunia, akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, niandike kwa yako ama ya Mama Chebet?"

Nikasema, "Ni yake."

"Namba?"

Watu walikuwa wananitazama. Nikasema, "Siijui."

Langat hakunicheka. Akataka kuitafuta. Lakini kina mama kwenye foleni wakaitaja kabla hajaitafuta. Hawakupanga. Kama wanne hivi, pamoja, namba tatu, wakapumzika, namba tatu. Na waliitaja kwa ile sauti yake ya kuimbisha, kwa sababu ndivyo alivyoitaja kila siku akifika kwa mashine.

Mmoja wao, Mama Kipkirui wa ng'ambo ya mto, akasema, "Huyu mzee alikuwa amelala na mkulima hata namba yake hajui." Wenzake wakamwambia nyamaza, lakini walicheka, na mimi sikuumia. Ilikuwa kweli.

Chebet akanishika mkono. Akasema polepole, "Baba. Ni sita."

Tulingoja majani yapimwe. Hatukukimbia. Nilitaka kukimbia.

Nyumbani Chebet aliweka simu mezani. Nikamwambia abonyeze yeye, vidole vyangu vilikuwa vimejaa utomvu wa majani ya mama yake. Akabonyeza tatu, akapumua, akabonyeza tatu.

Ikafunguka.

Sitaandika hapa namba, maana bado inatumika.

Ndani hakukuwa na maajabu. Picha nyingi za ng'ombe. Picha za kidole chake. Picha moja yangu nimelala kwenye kiti mdomo wazi, ambayo Chebet amekataa kuifuta. Sauti zilikuwa nne. Mbili ni nyimbo. Moja ni dakika kumi za majani yakikatika, nadhani ilijirekodi akiwa anachuna. Mara moja anakohoa.

Ya nne ndiyo ilikuwa ya kwanza kurekodiwa. Ni ya siku ile dukani. Unamsikia muuzaji akisema, "Mama, ongea kidogo tusikie kama mic iko sawa." Nyuma yake unanisikia mimi. Na ikinyeshewa? Na radio? Na warranty inaanza leo ama kesho? Yaani siachi.

Halafu yeye, karibu kabisa, kama yuko hapa mezani:

"Mvumilie huyu, dada. Hata mimi aliniuliza maswali mengi hivyo kabla anioe. Na mpaka leo hajanirudisha."

Watu wanacheka. Na mimi bado nauliza kuhusu chaja.

Sauti zote tumeziweka kwa kadi, na Odhiambo ameziweka mahali pengine pawili. Hakutaka chochote. Alisikiliza ile ya dukani akageuka kutafuta screwdriver ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Chebet ameenda chuo na simu. Kabla hajaondoka alitaka kuweka kidole chake. Kwa settings kulikuwa na "Kidole cha 1". Chake kikaandikwa cha 2. Akaniuliza, "Hiki cha kwanza nitoe?"

Nikamwambia akiache. Hakizuii kitu.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Nilimuuliza muuzaji maswali ishirini kuhusu simu na sikumuuliza mke wangu hata moja. Swali la ishirini na moja lilikuwa hili: siku usipokuwepo, nani ataweza kuifungua? Sisemi kila mtu ampe mwenzake PIN, kila nyumba na mambo yake. Mimi pia sikuwahi kumwambia yangu. Nasema kwamba majibu yalikuwa kwenye foleni ya chai, watu wengine wanayajua, na mimi nilikuwa nimeyaona madogo.

Ile mistari saba sasa naichuna mimi, Jumamosi. Langat alisema siku moja itabidi ibadilishwe jina, nitaenda kiwandani na karatasi. Kwa sasa nikifika kwa mashine naitaja mwenyewe, tatu, halafu tatu. Kina mama wanasema bado nakosea sauti.

Kama una swali kuhusu hiyo simu niulize, nitajibu nikitoka shambani. Na kama wewe ulipitia kama haya, niambie ulifanyaje. Kongoi, yaani asanteni.