Radostina na Mfalme Aliyemenya Pilipili

Radostina alipewa jina lenye maana ya furaha, na tangu apewe hakuwahi kulifanyia kazi. Aliuza mashada ya mazishi mjini Ruse, karibu na lango la makaburi, na wateja walimpenda kwa uso wake ule ule usiobadilika. Mtu aliyefiwa hataki kuuziwa shada na mwenye meno nje. Hata nyumbani hali ilikuwa hiyo. Mumewe Manol akicheka mbele ya televisheni mpaka machozi, yeye humuuliza, "Unaumwa?" Si kwamba alikuwa na moyo wa jiwe. Kuchekeshwa tu ndiko kulikomkera: aliona ni sawa na kutekenywa bila kuombwa ruhusa.

Starehe yake ilikuwa hadithi za mashabiki. Tamthilia ya *Kasri la Majivu* ilikwisha zamani, lakini wapenzi wake walikataa katakata iishe, wakawa wanatunga visa vyao wenyewe juu ya wahusika wale wale na kuvibandika mtandaoni. Radostina alivisoma kati ya mteja na mteja, na kila Jumapili aliwapendekezea wenzake wa kundi kisa kimoja. Ukiona amependekeza, ujue ndani kuna jeneza. Walimwita Mama Msiba, naye hakukataa. Kulikuwa na mtunzi mmoja wa vichekesho aliyejiita Soksi Moja. Huyo Radostina alishamwambia mbele ya kundi zima kwamba anapika supu ya maji ya kuoshea vyombo.

Sasa, Septemba moja, mji mzima ukinuka pilipili hoho za kuchoma, alifungua kisa kilichoitwa *Mateso ya Varkan*. Jina lilimvutia, hakuangalia mtunzi. Varkan ndiye mfalme katili wa tamthilia ile. Humo ndani ameoa, na mama mkwe amemkalisha kwenye kigoda, achome pilipili za kusindika na kuzimenya.

"Mimi nimeteketeza miji!" Varkan ananguruma.

"Ndiyo maana nimekupa wewe moto, mwanangu. Ila hizi usiziunguze kama ile miji."

Sauti ikamtoka Radostina. Mwanzoni alidhani ni paka. Alipoinua macho, mbele yake amesimama Bibi Stamena, kitambaa cheusi kichwani, amekuja kuchukua shada la arobaini ya mumewe.

"Umekohoa?" bibi akauliza.

"Nisamehe, bibi. Nilikuwa nasoma hadithi."

"Inahusu nini?"

Radostina alitamani ardhi impasukie. "Mfalme... anamenya pilipili kwa mama mkwe."

"Amezifunika kwanza zitoe jasho ganda lilegee, au anazimenya hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mpumbavu! Haya, soma."

Akasoma. Mfalme alipojifikicha jicho kwa mkono wenye pilipili kali na kuita jeshi lake, Bibi Stamena alilikumbatia shada akacheka mpaka utepe wa "Hatutakusahau" ukajikunja kama utumbo. "Huyo ni marehemu Asparuh wangu kabisa!" akasema, akijifuta macho. "Maisha yake yote ananitishia kuniacha, na kifuniko cha chupa kumfungulia ni mimi!"

Bibi alipoondoka, Radostina akatafuta jina la mtunzi. Soksi Moja.

"Nyamaza tu," Manol alimshauri Jumapili. "Nani atajua?"

"Mimi sijui? Mimi si mtu?"

Akaandika: "Mnanijua. Vichekesho vingi hunitia usingizi. Hiki kimenichekesha kazini, mbele ya mjane. Mtunzi ni Soksi Moja. Nilichomwambia sikifuti, visa vyake vingine ni supu ile ile mpaka leo. Ila hiki kisomeni, na msiwe na kitu mdomoni."

Kundi likawaka moto.

"Wewe mwizi, rudisha simu ya watu!" mmoja akaandika.

"Mama Msiba, kama umetekwa, andika neno 'jeneza' tuite polisi," mwingine akadakia.

Soksi Moja mwenyewe alijibu jioni: "Nimeyachapisha maneno yako nikayabandika kwenye friji. Hasa yale ya supu. Mama yangu anakusalimu, mfalme yule nimemchora kwa mfano wa baba."

Radostina aliusoma ujumbe ule mara mbili, akaenda kugeuza nyama jikoni bila haja ya kuigeuza.

Wiki iliyofuata ikatoka sura ya pili, Varkan kaenda kung'olewa jino. Aliisoma yote ndani ya basi. Hakuna msuli uliotikisika usoni. Akarudi mwanzo, akaisoma tena, isije ikawa kosa ni lake. Halikuwa lake.

"Ya pili imeniacha kama ilivyonikuta," akaandika kundini.

"Afadhali, dada," Soksi Moja akajibu. "Nilishaanza kujiona mtu."

Radostina akauliza ya tatu inatoka lini.