Shemeji Aliyeniwekea VPN Ameipata Siri ya Mume Wangu

Admin, jina langu naomba libaki kwako. Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa huu mwaka wa saba na sijajaaliwa mtoto. Naishi Kigombe kwa mama mkwe, nina cherehani yangu barazani, nashona madera na sare za madrasa. Mume wangu ni dereva Uarabuni, mwaka wa pili sasa. Simu ninayoandikia si yangu, ni ya shangazi yangu, ameniazima, na mtaelewa kwa nini.

Huko aliko mume wangu, kupigiana kwa wasapu kumezuiwa. Meseji zinapita, simu haziiti. Wenzake wakamwonesha VPN, programu ya kupitisha simu palipozuiwa, akaiweka, tukaanza kuongea, ila sauti ilikuwa ikikatikakatika. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, anakaa chumba cha nje na kazi yake ni kuchapa kadi za harusi kwenye kompyuta. Akaniambia, "Shemeji, na wewe huku lazima uwe nayo. Bila hivyo mtu yeyote anasikiliza maneno yenu." Mimi nitajuaje? Nikampa simu na namba ya siri. Tangu hapo kila mtandao ukisumbua nampelekea, anakaa nayo chumbani kwake nusu saa, anairudisha akicheka, "Haya, ongea na mumeo."

Miezi mitatu iliyopita mume wangu alikwenda kupimwa hospitali bila kumwambia mtu. Siku hiyo simu iligoma kabisa, kwa hiyo akanirekodia sauti na kunitumia picha ya karatasi ya majibu. Tatizo ni lake. Daktari alisema uwezekano wa kupata mtoto upo, lakini ni mdogo mno. Nilimsikia mume wangu analia, mtu ambaye hata babake alipofariki sikumwona akilia. Akasema, "Mke wangu, hili libaki baina yangu mimi na wewe. Mama asijue. Niapie." Nikamwapia. Nikafuta picha, nikafuta na sauti.

Nikaendelea kuyabeba maneno ya mama mkwe kama zamani. Siku moja alasiri ana wageni, akasema kwa sauti nisikie, "Mwanangu anahangaika ugenini kwa ajili ya mwanamke asiyezaa." Shemeji alikuwa anakunywa chai pale. Akajibu taratibu huku ananitazama mimi, "Mama, usimlaumu shemeji. Huenda tatizo si lake."

Mkasi uliniponyoka.

Nilijipa moyo kwamba amebahatisha tu. Lakini wasiwasi haukuisha, basi nikamtega. Nikamwandikia mume wangu kwamba Jumamosi nitakwenda Pongwe kwa shangazi. Sikumwambia mtu mwingine yeyote, hata shangazi mwenyewe. Kesho yake asubuhi nafagia uwanja, shemeji akapita na mswaki mdomoni, "Jumamosi ukifika Pongwe msalimie shangazi yako." Akaingia bafuni. Nadhani hata hakugundua alichokisema.

Jumamosi nikaenda kweli. Shangazi akanipeleka kwa dada mmoja wa Kibondei anayetengeneza simu jirani yake. Aliishika simu yangu kidogo tu, akauliza, "Dada, una kompyuta?" Nikasema sina. Akanionesha: wasapu yangu imeunganishwa na kompyuta ya mtu, muda mrefu. Kila ninachoandika na kila ninachotumiwa kinafika kule. Nikamwambia, "Lakini mimi nina VPN, niliambiwa inaficha kila kitu!" Akanitazama kwa huruma. "VPN inakuficha usionwe na wa mbali huko mtandaoni. Mtu uliyemkabidhi simu mkononi haimzuii. Tena wewe huku hukuihitaji, anayezuiwa ni mumeo kule aliko." Akaikata ile kompyuta, tukabadilisha namba ya siri. Nilirudi nyumbani najiona nimepona.

Jumatatu mama mkwe alikwenda msibani Mkwaja. Shemeji akaja barazani, akavuta kigoda akakaa mbele ya cherehani yangu. "Umenifungia mlango, sivyo? Niliyoyataka nimeshayahifadhi." Akanigeuzia simu yake. Ilikuwa ile karatasi ya hospitali, na jina la mume wangu linasomeka vizuri.

Nikamuuliza, "Unataka nini?"

"Kaka anakuja likizo mwezi ujao. Daktari hakusema haiwezekani kabisa. Ukishika mimba yangu siku hizo, nani atauliza? Damu ni ile ile, na mama atapata mjukuu." Akashusha sauti. "Ukikataa, mama ataiona karatasi hii. Na nitasema wewe ndiye uliyenionesha. Kaka atamwamini nani? Si wewe peke yako uliyekuwa unajua?"

Wallahi nilishika pasi ya moto. Nikamwambia, "Inuka hapa kabla sijakuunguza." Akainuka, anacheka. "Fikiria. Nakupa mpaka kaka atue."

Ni siku ya tisa leo. Sijamjibu, na sitamkubalia hata anitangaze msikitini. Nalala kwa mlango uliosukumiwa kabati. Mume wangu ananiuliza mbona siku hizi naandika kidogo, namdanganya mtandao unasumbua. Nikimwambia kwa simu, namjua, atapanda ndege aje amuue ndugu yake, au ataamini kwamba mimi ndiye niliyemvua nguo mbele ya watu. Nikimwambia mama mkwe, ana presha, na siri niliyoiapia nitakuwa nimeivunja kwa mdomo wangu mwenyewe. Shangazi anasema nihamie kwake nikae kimya mpaka mume wangu arudi. Lakini nikiondoka, shemeji atabaki na mama na ile karatasi, na mimi nitaonekana nimekimbia kosa langu.

Mliopitia ya ndoa na wakwe, mnisaidie kufikiri. Nimwambie mume wangu leo angali mbali, au nisubiri nimtazame usoni? Na nianze na neno gani ili aniamini?