Mkono wa Pétronille

Kwenye karatasi za serikali aliitwa Citoyenne, yaani raia, Mbambu, kwa sababu miaka ile ya Zaire majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa. Lakini hapa Rwambuzi, mtaa wetu wa Bunia, alikuwa mama Pétronille tu, Mnande wa pande za Butembo, aliyehamia huku pamoja na mume wake Ambroise kuuza maharagwe na vitunguu.

Alijulikana kwa mwandiko wake. Watawa wa misheni walikuwa wamemfundisha kuandika kwa wino, herufi zote zikiinama upande mmoja kama mtama penye upepo. Mtawa mkuu alipopendezwa na daftari lake alisema, "Voilà un beau manuscrit!" Mtoto Pétronille akaelewa kwamba manuscrit ni maandishi mazuri yasiyo na doa. Akakua na maana hiyo, akaolewa nayo, akazaa watoto nayo. Hakuna aliyemsahihisha. Nani angejua?

Basi mwaka 1984 kampuni moja ya kahawa ilibandika tangazo ukutani. Ilitafuta karani wa depo yake ya Aru, kule mpakani, wa kushughulika na karatasi za duane, yaani forodha. Chini yake pakaandikwa: demande manuscrite. Barua ya kuomba kazi iwe manuscrite.

Kesho yake uwanja wa Pétronille ulijaa watu. Wa kwanza alikuwa jirani yake Suzanne, mjane Mwalur wa Mahagi, aliyemaliza sekondari lakini mwandiko wake hausomeki.

"Mama Pétro, wanaomba manuscrite. Weye ndiye unajua ile."

"Leta karatasi. Manuscrite ni kazi yangu."

Aliandika ya Suzanne, ya Rémy fundi wa baiskeli, na za wengine, mpaka vidole vikamuuma. Alipomaliza, Ambroise akamwambia, "Na ya kwako je? Si weye pia ulisoma?"

Pétronille alicheka. Halafu akachukua karatasi iliyobaki. Hiyo aliiandika polepole kuliko zote.

Siku ya majibu waombaji waliitwa kwenye uwanja wa kampuni. Shefu wa wafanyakazi, ambaye watu walimwita Michel akiwa hayuko karibu, alitoka na barua mkononi, akazipanga mezani moja moja. Kisha akapiga meza.

"Munanichekelea?"

Akaigonga barua ya kwanza kwa kidole.

"Njooni muone mwanzo ya kila barua! J'ai l'honneur, j'ai l'honneur, j'ai l'honneur. J ni moja! Mukia moja! Mutu moja ndiye anaomba hii kazi mara zote hizi?"

Suzanne alijikaza. "Shefu, tangazo ilisema manuscrite. Tumeleta manuscrite."

"Manuscrite ni nini, mama?"

"Ni... maandiko ya muzuri."

Michel alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Akainua mkono wake wa kuume, vidole wazi.

"Mukono! Manus ni mukono, kwa Kilatini. Nilisoma seminari, walituingiza hii na fimbo. Scriptus, iliandikwa. Manuscrit ni kitu iliandikwa na mukono. Zamani, mbele ya mashini, kila kitabu ilikuwa vile: mutu anakaa, anaandika na mukono yake mpaka inaisha. Siye tunaomba manuscrite juu ya kuona mukono yako weye, si ya jirani!"

Pétronille alisikia masikio yakivuma. Mkono. Basi, mkono tu! Neno alilolibeba tangu utoto kama nishani halikumsifu kamwe. Sifa yote ilikuwa katika lile neno dogo la mbele, beau, yaani zuri, na yeye alikuwa amelipita bila kulitazama.

"Nani aliandika hizi?" Michel aliuliza.

Watu wote waligeuka. Pétronille alisimama.

"Ni miye, shefu. Lakini ile moja ni yangu kweli."

Alipewa kalamu aandike mbele ya watu. Herufi zilitoka zilezile, zimeinama upande uleule. Michel alikaa chini.

"Kumbe katikati ya zote hizi, manuscrite ya kweli iko moja."

Suzanne alimshika Pétronille bega kwa furaha. Kila mtu aliona kazi imepata mwenyewe.

"Na siwezi kukupa kazi," Michel akasema.

"Juu ya nini?"

"Kule Aru ni karatasi za duane na sinyatire, kutia jina, kutwa nzima. Mutu anaandikia mutaa muzima, kesho ataandika jina la nani?"

"Sijaiba jina la mutu hata siku moja!"

"Ninaamini, mama. Lakini wakubwa wataona hizi barua. Weye hawatakuona."

Njiani Rémy alimwambia usoni, "Weye ndiye umetuua." Pétronille aliendelea kutembea. Alifika nyumbani akaketi, mikono mapajani, akiitazama kama mikono ya mtu mwingine. Jioni Ambroise alisonga bugali yeye mwenyewe, na majirani wakatoka kushangaa jambo hilo pia.

Tangu hapo hakumwandikia mtu tena. Suzanne aliporudi na karatasi, Pétronille alimpa kalamu.

"Kaa. Andika."

"Mukono yangu iko mubaya sana."

"Iko yako."

Wakawa wanakaa mchana, baada ya soko. Hawakufika mbali. Herufi za Suzanne zilikataa kunyooka, zikashuka mstari kama maji ya mteremko.

Miaka mitatu ikapita. Zahanati moja ikatafuta mtu wa kuandika majina ya wagonjwa, na Suzanne akapeleka barua yake bila kumwambia mtu. Siku moja akaingia mbio uwanjani: amepokelewa! Pétronille akaomba kuona alichoandika. Suzanne akamwonyesha karatasi aliyojaribia kwanza, yenye doa la wino karibu na jina lake.

"Walikupokea na hii?"

"Na mukono hii hii, mama."

Pétronille alishika kichwa. Aliisoma tena tangu mwanzo, doa na yote, na kabla hajafika mwisho alikuwa ameketi chini mavumbini, akicheka mpaka machozi, huku Suzanne akimvuta mkono ainuke.