Miguu Uliuliza, Kiuno Je?

Shughuli nzima ilinila shilingi elfu tatu na hamsini, nauli na chai ndani. Nimejumlisha mara mbili, maana mke wangu naye atajumlisha.

Baba mkwe ana gari la miaka ya sabini, taa za mbele duara kama macho ya bundi. Tangu aache kuendesha, limelala chini ya turubai kwangu Uthiru, balbu zote mbili zimeungua. Tajiri mmoja wa Lavington alilitaka. Mimi nililitaka zaidi, ila yeye alikuwa na pesa, mimi nina ukwe tu. Mzee akapiga simu kutoka Machakos: "Jumapili nakuja. Nikipata taa zote mbili zinawaka, full ya mbali na dim ya karibu, gari ni yako. Moja ikikataa, nauza."

Sikulala vizuri kwa furaha. Asubuhi nilihesabu miguu ya balbu iliyoungua, vile vijiti vya umeme nyuma yake: mitatu. Nikarudia: mitatu. Nikaiacha nyumbani, nikashuka Kirinyaga Road, kwa mama mmoja muuza vipuri.

"Sasa mama. Nipe balbu mbili, za miguu tatu."

"Elfu moja mia sita."

"Kwani zinamulika mpaka mbinguni?"

Tukavutana hadi elfu moja mia mbili. Nyumbani, balbu ikacheza ndani ya tundu la taa kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Kesho yake nikarudi na ile mbovu mkononi.

"Miguu uliuliza, nikakupa," mama akacheka. "Kiuno je?"

Akazishika pamoja. Miguu sawa, lakini lile duara la bati kiunoni, langu lilikuwa pana kidogo. Akapekua boksi lenye vumbi, akatoa mbili za kiuno kipana. Nilipiga kelele kama aliyefunga bao, nikasahau kukunja uso. Bei ikapanda hapo hapo: nirudishe zile, niongeze elfu moja mia nne. Nikaongeza nikitabasamu. Aibu.

Jumapili jioni mzee akasimama kando ya ukuta, mikono nyuma. Taa ya kushoto, safi. Ya kulia ikamulika ghorofa ya juu.

"We jirani!" sauti ikashuka. "Jua ya nini saa hii?"

Kumbe kiunoni mwa balbu kuna kijino, na kina pengo lake kwenye tundu. Mimi nilikilazimisha juu chini. Nikageuza, kikaingia chenyewe, tk!

"Full," mzee akaamuru. "Dim. Full tena."

Zote mbili! Ukuta mzima ukawa mweupe.

"Ni yako, mwanangu."

Nilimkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Yeye bado aliutazama ukuta. Kwenye dim, mwanga ulipanda upande wa kulia, wanakotoka wenzetu barabarani. Vioo vya taa hizi vilikatiwa nchi ambako watu huendesha upande wa kulia wa barabara.

"Aah! Ndiyo maana madereva walikuwa wananipigia full miaka hiyo yote," akasema. "Mimi nilidhani wananisalimia."

Sasa gari ni langu, na sithubutu kulitoa jioni. Wewe unayejua mahali Nairobi penye vioo duara vya taa vilivyokatiwa barabara zetu, nielekeze. Na uniambie kabisa nipime nini, kabla sijaanza kuhesabu.